Kamba ya Shemeji

Tarehe 3 Septemba

Mpwa wangu Pweza,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mama yako, ambaye amesimama nyuma yangu kuhakikisha salamu zake nazitaja. Haya, nimezitaja. Je, u mzima? Unakula? Hicho chombo cha kazi mnachoishi katikati ya bahari bado kinakuyumbisha au umeshazoea? Sisi miili ni mizima. Mgongo wangu unalalamika, lakini huo haujawahi kunyamaza tangu wewe hujazaliwa.

Ila mambo mengine si mazima hata kidogo, ndiyo maana naandika kabla hujajibu barua yangu ya mwisho.

Maboya yako ya kufungia boti yanang'oka. Ulituachia matano. La kwanza lilitoka mwezi uliopita, nikasema ni bahati mbaya. Juzi limetoka la pili, lile la upande wa mkondo, ambalo ulikaa chini ya maji ukilitobolea mwamba mpaka midomo ikabadilika rangi. Chuma chote na saruji yake vimetoka kama jino bovu. Boti iliyokuwa imefungwa hapo ni yangu, usiulize ya nani. Upepo ukatusukuma kinyumenyume juu ya Shamba, matumbawe yetu tunakopeleka wageni, na chuma kinafuata nyuma yetu kikipiga huku na huku. Nikasikia matumbawe yakivunjika. Sauti hiyo inapanda na kamba mpaka mkononi, sikutakii uisikie.

Nilipowarudisha wageni nikavaa miwani nikazama. Yale matumbawe ya matawi, unayoyaita vitanda vya samaki, sasa ni kifusi. Eneo lenye ukubwa wa sebule nzima ya mama yako. Nililia, Pweza. Na mtu akilia ndani ya miwani ya kuzamia haoni kitu, ikabidi nitoke.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Unakumbuka manahodha walikubali msimu mmoja tu wa kujaribu. Baba yako, ambaye kama Mwenyekiti wa manahodha hakuyataka maboya tangu siku ya kwanza, ameita kikao pale kwenye banda la kutengenezea boti. Akasema mbele ya watu wote, "Vyuma vya binti yangu vitaua mtu. Likitoka jingine moja, kila nahodha anarudi kwenye nanga yake." Wakapiga makofi. Waliokula chumvi na mimi, wakapiga makofi.

Wewe unajua nanga zilivyolifanya Shamba kabla yako. Nusu yake imekufa. Zikirudi, hiyo nusu iliyobaki haimalizi mwaka, na sisi sote tutabaki kuwapeleka wageni kuangalia mchanga. Mimi ni nahodha, si fundi. Sijui kwa nini vyuma vinatoka. Njoo, mwanangu. Omba ruhusa, danganya kwamba nimekufa, fanya unavyojua, ila njoo.

Mimi Mjomba wako


Tarehe 17 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Na Mama pia, shikamoo yake, mwambie nakula na nimenenepa mashavu. Meli ya chakula imeleta barua yako leo asubuhi. Nimeisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa juu ya mitungi ya hewa, na wenzangu wamedhani nimefiwa.

Nimeshaomba ruhusa. Msimamizi amenisikiliza vizuri, mpaka nikapata moyo, kisha akasema meli ya chakula inaweza kunichukua ila haitanirudisha. Nikiondoka kabla ya mkataba kuisha sipati cheti cha uzamiaji. Bila cheti hakuna atakayeniazima tena mashine ya kutobolea mwamba. Kwa hiyo nikija sasa nitakuja na mikono mitupu, nikae ufukweni nikulie begani. Huku hata simu haishiki. Nimefungwa, Mjomba, nakwambia ukweli.

Naomba unijibu haya, na usinifiche ili nisiumie. Kile kijiboya kidogo cha katikati, kinachoinua kamba isiburute chini, bado kipo? Kuna mtu amefupisha kamba? Mwamba ulipotobolewa umepasuka pembeni? Na muhimu kuliko yote, boti ngapi zinafungwa kwenye boya moja? Nilisema moja. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Yule asiyesikia ni nani?

Chuma kile nilikivuta mwenyewe kwa mashine kabla sijaondoka na hakikutikisika. Hakitoki bure. Kuna kitu.

Baba amesema neno lolote kuhusu mimi, zaidi ya hayo ya vyuma? Basi, usijibu hilo.

Mpwa wako


Tarehe 2 Oktoba

Marahaba Pweza wangu,

Mama yako amefurahi kusikia habari za mashavu. Sisi tupo, tunapumua, ingawa mimi napumua kama mtu aliyekaliwa kifuani.

Nimezama tena, masikio yamevimba, najibu. Kijiboya cha katikati kipo. Kamba hakuna aliyeikata, ningemkata yeye. Mwamba una ufa mdogo pale palipotoka chuma cha pili, na ufa huo ni mpya, ndani yake peupe.

Kuhusu boti ngapi, hapo naomba uniheshimu. Boti moja, boya moja. Nimelisimamia hilo kama askari wa getini. Nahodha akishafunga, hakuna mwingine anayegusa kitanzi cha boya, hata baba yako na uenyekiti wake. Wanaokuja nyuma wanajifunga kwangu. Wanakuja ubavuni kama ilivyo kawaida yetu, mmoja anatupa kamba, nadaka, nafunga kwenye boti yangu, na mwingine anafunga kwake, hivyo hivyo, tunapanga safu. Wageni wanarukiana, wanapigana picha, sisi tunapiga soga. Siku lilipotoka la pili tulikuwa safu nzuri kabisa, boti sita, na iliyoshika boya ni yangu peke yake. Wa kwanza ubavuni alikuwa baba yako. Siku hizi hatuongei vizuri, lakini kamba yake anatupa na mimi nadaka. Ukitupiwa kamba ukaacha ianguke majini, umemtukana mtu na ukoo wake, wewe umekua kwenye boti hizi, unajua.

Kwa hiyo utaratibu wako unafuatwa. Ndiyo maana nasema hili jambo limenishinda akili. Kuna nahodha ameshaanza kushusha nanga kisirisiri upande wa nyuma, akidhani sioni. Nimekwenda kumwambia, akanijibu, "Mzee, ni bora nanga yangu kuliko jino la kuazima." Wote wakacheka. Nami nikacheka ili nisilie mbele yao. Sina usingizi, Pweza. Nikifumba macho nasikia ule mvunjiko.

Jibu haraka.

Mjomba wako


Tarehe 9 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Salamu zangu leo ni fupi, Mama anisamehe. Meli ya chakula inaondoka sasa hivi, mpishi ameshika mlango anipe dakika.

USIPOKEE KAMBA YA MTU YEYOTE.

Mjomba wangu mpenzi, hizo boti sita zote zilikuwa kwenye boya! Hazikugusa kitanzi, sawa, lakini zimekushika wewe, na wewe umeshika chuma. Pigilia msumari ukutani utundike shati lako. Halafu watu watano watundike mashati yao juu ya shati lako. Msumari ni wa nani hapo?

Na nanga zilikuwa zinakudanganya. Nanga ikilemewa inaburuta kidogo, inashika tena mbele, mnacheka, maisha yanaendelea. Matumbawe ndiyo yanalipa, ninyi hamuoni. Chuma changu hakiburuti. Kinavumilia, kinavumilia, halafu kinang'oka na kipande cha mwamba.

Mimi nami sikufikiria. Nimelala nikiwa mtoto kwenye safu hizo, nimeruka kutoka boti hadi boti, na nilipokuwa napiga hesabu za mzigo haikunijia hata mara moja. Nilisema boti moja, nikadhani nimemaliza.

Waambie wote. Mwambie Baba. Atakayetupa kamba, iache ianguke. Yamebaki matatu.

Mpwa wako


Tarehe 8 Novemba

Pweza,

Marahaba. Ningependa kusema hatujambo. Mama yako ana homa ndogo ya mawazo, mimi sijui nina nini.

Barua yako ilichelewa, lakini ilifika. Niliisoma mara nyingi, nikajiona mjinga wa mwisho. Nikawaendea manahodha mmoja mmoja. Wengine waliguna, wengine walisema, "Tutaona." Baba yako alinisikiliza akiwa anapaka boti yake rangi, hakuinua hata brashi. Akasema, "Kwa hiyo sasa kosa ni letu kusalimiana."

Kesho yake upepo ulikuwa umechangamka. Nimefunga kwenye boya, nina wageni, natazama, baba yako huyo anakuja. Amejaza watu. Akaja ubavuni taratibu, kwa ule ustadi wake, akasimama mbele ya boti akatupa kamba. Ilinijia sawasawa kifuani. Mikono yangu ilitaka kuidaka, Pweza, ilinyanyuka yenyewe. Nikairudisha. Kamba ikanigonga, ikateleza, ikaanguka majini.

  Shemeji yangu, mume wa dada yangu, tuliyefundishana usukani, alivuta kamba yake ikiwa imelowa, akaikunja, akanitazama kama mtu asiyenijua. Kisha akarudi nyuma kidogo akashusha nanga. Hakuchagua mahali. Ilikwenda moja kwa moja juu ya lile tumbawe kubwa la duara, ulilokuwa ukilipima kila mwaka kwa uzi. Limepasuka katikati. Nililinda chuma, nikaua lile.

Sasa hakuna anayenisemesha. Nikifika ufukweni natupa kamba, hakuna wa kuidaka, naruka mwenyewe majini na mgongo huu. Wageni wanagawanywa kwa boti zote, yangu inarukwa. Dada yangu ananiletea chakula akipitia mlango wa nyuma wa nyumba yangu mwenyewe, ili mumewe asijue. Kikao cha kupiga kura kimepangwa mwisho wa Desemba, na sidhani kama kuna mkono utakaonyooka zaidi ya huu wangu.

Niambie nilikosea wapi. Nilifanya ulivyosema. Nilifanya hivyo hasa.

Mjomba wako


Tarehe 21 Novemba

Shikamoo Mjomba wangu,

Mpe Mama pole yangu, na wewe pole, pole, pole. Nimekaa na barua yako hadi nikakosa zamu na kufokewa. Hukukosea. Mimi nilikupa jibu la fundi kwa jambo la watu. Nilikuambia umtukane Baba, na mimi nipo mbali, simwoni uso.

Lile tumbawe usiniambie tena habari zake kwa sasa. Siwezi.

Lakini nimewaza, na nadhani kuna njia. Usikatae kamba. Idake. Mtu akikutupia, idake kwa mikono miwili kama zamani, halafu usiifunge kwenye boti yako, ifunge kwenye kitanzi cha boya. Kisha fungua yako, uondoke umpishe. Ukazunguke nje kwenye mchanga, injini ikiwa inawaka, mpaka nafasi nyingine ipatikane. Akija mwingine, naye ampishe. Kila mtu atapokelewa, hakuna atakayetukanwa, na boya litabaki na boti moja.

Najua utaanza wewe, na najua utaonekana mwehu. Mpishe Baba wa kwanza. Akiona mkono wako unafunga kamba yake, ataelewa kuliko barua kumi zangu.

Mkataba wangu unaisha Februari. Nitakuja na cheti, na mashine, na vyuma vipya. Nishikie hayo matatu mpaka hapo, tafadhali. Sina mwingine wa kumwomba.

Mpwa wako


Tarehe 3 Desemba

Pweza!

Marahaba kubwa. Mama yako homa imetoka, anakula.

Nimejaribu. Nahodha kijana, yule aliyenitania habari za jino, alinitupia kamba kwa mazoea tu, nadhani alisahau kwamba mimi ni mtu wa kutengwa. Nikaidaka, nikaifunga kwenye boya, nikafungua yangu nikasukuma. Akaniita, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Nakupisha, hukunisalimia?" Alicheka mpaka akakaa chini. Na mchana, bila mimi kumwambia, akampisha mwenzake! Nimeona kwa macho yangu. Sasa wako watatu wanaofanya hivyo.

Wageni bado sipewi. Nakwenda Shamba kila siku na boti tupu kuwangojea wanaokuja. Injini inakohoa kwa kuwaka kutwa nzima, tunakohoa pamoja. Baba yako bado anashusha nanga pembeni, ananipa kisogo. Lakini jana alisimama akatazama tukipishana. Alitazama muda mrefu. Usikate tamaa, na mimi sikati.

Mjomba wako


Tarehe 16 Desemba

Binti yangu,

Sijui barua inaanzaje. Mwenye maneno katika familia hii alikuwa mjomba wako. Hujambo? Mama yako hajambo, kwa maana kwamba anakula akilazimishwa.

Tulipiga simu ofisini kwenu nchi kavu tukaomba ujulishwe. Walisema watakufikishia. Kama hawakufikisha, basi nisamehe kwa kukuambia kwenye karatasi. Mjomba wako amefariki. Tumeshamzika.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu mimi nilikuwepo, na najua utataka kujua. Ilikuwa Alhamisi. Upepo uliongezeka ghafla na maboya yote matatu yalikuwa na boti. Nilifika wa mwisho, nimejaza wageni, kati yao watoto wadogo. Mjomba wako alikuwa kwenye boya la kati, peke yake, hana wageni. Hatukumpa wageni, na agizo hilo nililitoa mimi. Aliponiona akasimama akaniita kwa sauti, "Shemeji, tupa!" Sikutaka. Kisha nikatazama wale watoto, nikatupa. Alidaka. Akanifunga mwenyewe kwenye kitanzi, akakagua fundo mara mbili, akafungua yake akajisukuma. Akaninyooshea mkono na mimi nikamnyooshea. Tangu ile kamba kuanguka majini, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Hakufika mbali, injini ikazima. Upepo ukawa unampeleka juu ya Shamba, kwenye ukingo kule mawimbi yanakovunjikia. Tulimpigia kelele sote ashushe nanga. Nilipiga kelele mpaka nikatoa damu kooni. Aliinyanyua. Nilimwona amesimama nayo mbele ya boti, akainama akatazama chini majini. Halafu akairudisha, akachukua kasia. Nadhani alitaka avuke kwanza matumbawe, aishushe kwenye mchanga upande wa pili. Wimbi la ukingoni lilimwahi. Mimi nilikuwa na watoto wa watu kwenye boti na sikuweza kumfuata mpaka wenzangu walipowachukua. Tulimpata kesho yake.

Nimemkasirikia sana. Sikufichi. Mtu mzima, ana dada anayemtegemea, anatazama mawe anairudisha nanga. Manahodha wanasema hivyo hivyo, na kikaoni wana sababu sasa, mtu amekufa, vyuma viondolewe. Nilitabiri hilo mwenyewe na sipati raha yoyote kwa kutabiri.

Barua zako nimezikuta chumbani kwake. Nimezisoma zote. Usijilaumu. Ulimwambia anipishe, akanipisha. Aliyemnyima wageni na kumwacha peke yake kwenye boti ni mimi, na hilo nitakaa nalo.

Miaka yote hii nimewapeleka watu Shamba na sijawahi kuzama kulitazama. Jana nilivaa miwani yake, inanibana, nikashuka. Nililiona tumbawe nililolipasua. Upande mmoja bado una rangi, samaki wadogo wanaingia na kutoka kwenye ufa wenyewe. Nilikaa mpaka pumzi ikaisha, nikapanda, nikashuka tena. Kisha nikafuata kamba ya boya la kati, lile nililofungiwa. Nilikishika chuma kwa mikono miwili. Kinacheza.

Nimezuia boti zote zisilitumie, na sijamwambia mtu kwa nini. Kikao ni wiki mbili zijazo. Nikisema linalegea, wanashinda. Nikinyamaza na likang'oka, wanashinda. Wewe huwezi kuwahi, najua. Nimenunua saruji, iko uani, Mama yako ameifunika turubai.

Niambie inachanganywaje mpaka ishike chini ya maji.

Baba yako